Kabla hujamwita dalali, jua utalala wapi

Mnunuzi wa nyumba yetu ya Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, Uganda, alipatikana haraka kuliko tulivyotarajia. Ilikuwa Julai. Alikagua vyumba, akakubali bei, kisha akauliza, "Mama, funguo nitapata lini?" Mimi na mume wangu tukatazamana. Tulijua tunahamia Arua, mbali kaskazini-magharibi, kumtunza mama yangu, basi. Nyumba ya kupanga, shule, lori, hatukuwa na hata kimoja. Alipoona tumekwama, akataja tarehe mwenyewe: baada ya siku 14. Tukatia saini.

Tarehe ile ilituumiza kuliko bei ya chini ambavyo ingetuumiza.

Kijana wetu mkubwa alikuwa Senior Four, yaani kidato cha nne. Mitihani ya UCE, ile ya taifa ya kumaliza kidato hicho, hufanyika Oktoba na Novemba, na mtahiniwa anafanyia kwenye kituo alichosajiliwa, kwa hiyo hakuwa wa kuhamishwa. Tulimwacha kwa shangazi yake Mukono. Akawa anaamka saa kumi alfajiri ili avuke Barabara ya Jinja kabla foleni haijafunga, mwaka uleule aliohitaji kulala vizuri. Usiku wa kuondoka nililia mbele yake, na sikutaka anione. Wadogo zake wawili waliingia shule mpya katikati ya muhula wa pili, na karo tuliyokwisha kulipa haikurudishwa. Mihula yetu ni mitatu, wa kwanza unaanza Februari. Mwenye watoto ahame likizo ya Desemba na Januari, na ahesabu kurudi nyuma kutoka hapo ndipo ajue mwezi wa kumwita dalali. Ukiwa na mtahiniwa nyumbani, msubiri amalize.

Pesa nazo. Mnunuzi alilipa nusu, nyingine ikangoja hati ibadilishwe jina. Mwenye nyumba wa Arua alitaka kodi ya miezi mitatu mkononi. Lori, kodi na karo mpya zikaila ile nusu kabla hatujafungua godoro. Weka pembeni pesa ya kuhamia ambayo haitegemei mauzo, hata kama itabidi uchelewe miezi kadhaa kuikusanya.

Wakati huo unaokusanya, fuatilia karatasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka idhini ya mume au mke kabla ardhi ya familia haijauzwa, kwa hiyo mazungumzo yaanzie chumbani kwenu. Kama unakaa kwenye kibanja, yaani kiwanja chako kilicho juu ya ardhi ya mtu mwingine, mwenye ardhi ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kununua. Mwendee mapema, ukiwa na risiti zako za busuulu, ile kodi ya ardhi unayomlipa kila mwaka, na uulize habari ya kanzu, ada anayopewa kibanja kinapouzwa, kabla mnunuzi hajatokea. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, pia asisikie habari zako kwa bodaboda.

Lakini neno langu kubwa ni lile la tarehe. Siku ya kukabidhi funguo inajadiliwa kama bei, na huwezi kuijadili kama hujui unakokwenda. Jirani yetu wa zamani aliuza nyumba yake ya Kireka mwaka uliofuata. Nilimsihi aanze na safari. Akaenda Jinja, akalala huko siku mbili, akafungua mabomba aone kama maji yanatoka, akalipia nyumba, akapata nafasi shuleni. Ndipo akamtafuta dalali. Mnunuzi alitaka aondoke ndani ya mwezi mmoja. Yeye akamwambia Desemba 15, akapunguza bei kidogo, na wakili akaiandika tarehe kwenye mkataba. Mnunuzi hakubisha sana, maana yeye pia alikuwa na watoto wanaosoma.

Sisi hatukufungua bomba lolote. Nyumba ya Arua tuliichagua kwa simu, na wiki nzima ya kwanza tulibeba maji kwa mitungi kutoka kisima cha mtaa wa pili, mama akiwa kitandani akiuliza mbona hatukai naye.

Kijana alimaliza mtihani Novemba, akaja na basi la usiku kupitia Karuma. Nilimfungulia mlango alfajiri. Maboksi yake yalikuwa bado yamefungwa kwa kamba ya lori.