Wimbo wa hisani ukirudiwa, usiuonee huruma

Kila mastaa wanapokusanyika studio kuimba kwa ajili ya waliokumbwa na janga, wanajitokeza watu wale wale wawili. Mmoja anasema wimbo ni mbovu lakini nia ni njema, kwa hiyo tunyamaze. Mwingine anasema ni unafiki mtupu, na unafiki huo anaufanya sababu ya kutotoa hata senti. Nimeandika uhakiki wa muziki muda wa kutosha kutukanwa na wote wawili, na ninachoweza kukushauri ni hiki: wimbo wa kwanza usamehe mengi, marudio yake usiyasamehe kirahisi.

Chukua "Do They Know It's Christmas?" ya Band Aid, kundi la mastaa waliokusanywa kuuimba. Oktoba 1984 BBC ilionyesha taarifa ya Michael Buerk kuhusu njaa ya Ethiopia. Mwanamuziki Bob Geldof wa Ireland akaitazama, akamtafuta mwanamuziki mwenzake Midge Ure, wakatunga wimbo. Ulirekodiwa London tarehe 25 Novemba, na mapema Desemba tayari ulikuwa madukani. Uingereza peke yake uliuza nakala zaidi ya milioni 3. Serikali ya huko iling'ang'ania kwanza kukata kodi ya ongezeko la thamani kwenye mauzo, kisha kelele za umma zikailazimisha kurudisha kiasi hicho kama msaada.

Mashairi yake? Mabaya. Yanauliza kama watu wa huko wanajua kuwa ni Krismasi, ilhali Ethiopia ina Ukristo tangu karne ya 4 na Krismasi yake huiadhimisha Januari 7. Yanataja bara lisilo na mvua wala mito, ilhali Nile ya Bluu inaanzia huko huko. Tena njaa ile haikuletwa na ukame tu. Vita na sera za serikali ya Mengistu Haile Mariam viliichochea, na wimbo haukugusa hilo. Hata hivyo, nikiusikia, siwezi kuwakasirikia sana. Watu walikuwa wanakufa, mashairi yaliandikwa mbio mbio, na hakuna aliyejua kama mpango ungefanikiwa.

Wamarekani walifuata kwa "We Are the World", uliorekodiwa Hollywood usiku wa Januari 28, 1985. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna haki ya kucheka kidogo hapa. Filamu ya kumbukumbu ya usiku huo, iliyotoka 2024, inaonyesha Stevie Wonder akipendekeza kipande cha wimbo kiimbwe kwa Kiswahili. Mabishano yakazuka, mwimbaji Waylon Jennings akaondoka zake, na hatimaye ikabidi mtu awakumbushe kwamba Waethiopia waliokusudiwa hawasemi Kiswahili. Wazo likafa hapo hapo. Haraka ina makosa ya namna hiyo, na mimi huyapokea.

Marudio ndiyo yananiudhi, kwa sababu yenyewe hayana kisingizio cha haraka. Wimbo wa Band Aid ulirudiwa 1989, ukarudiwa 2004, ukarudiwa tena 2014 kwa ajili ya Ebola Afrika Magharibi. Hiyo ni miaka 30 ya kumpigia mtu simu na kumuuliza anaonaje mistari hii. Kweli, mwaka 2014 mstari maarufu wa kumshukuru Mungu kwamba yamewapata wao wala si wewe uliondolewa, na mengine yakarekebishwa. Lakini Fuse ODG, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Ghana, aliyasoma mashairi hayo mapya na bado akakataa kushiriki. Emeli Sandé aliyekubali alieleza baadaye kwamba yeye na Angélique Kidjo wa Benin waliandika na kuimba mabadiliko yao wenyewe, na hakuna hata moja lililoingia kwenye toleo la mwisho. Yaani Mwafrika alikuwamo studio, kauli yake ikabaki nje. Wimbo ukashika namba moja Uingereza vilevile, na wanaoutetea hadi leo wanaegemea hapo.

Kwa hiyo marudio yakitoka, kabla hujasema ni mazuri au mabaya, tafuta nini kimebadilishwa na nani alikuwa na sauti ya kukibadilisha. Picha ya pamoja isikudanganye. Mwaka 2024 mtayarishaji Trevor Horn alichanganya sauti za matoleo ya Band Aid ya 1984, 2004 na 2014 kuwa kitu kimoja, na Ed Sheeran, aliyeimba lile la 2014, akasema hakuombwa ruhusa, na kwamba angeombwa angekataa. Ukiona mpaka staa mkubwa haulizwi, unaweza kukisia mtu wa kawaida anaulizwa kiasi gani.

Toleo la "We Are the World" la 2010 kwa ajili ya Haiti lilizomewa kwa sababu nyingine. Tetemeko lilipiga Januari 12, wimbo ukarekodiwa Februari 1 katika studio ile ile ya mwaka 1985, na kidogo liongoze chati ya Marekani. Lilishika namba 2. Watu walilalamikia sauti zilizopitishwa kwenye programu za kurekebisha sauti, na kipande cha rapu kilichobandikwa. Kwangu hayo ni ya ladha, nisingeyapa uzito. Angalau Wyclef Jean, mzaliwa wa Haiti, alisikika. Na video ile ya Machi 2020, mastaa wakiimba "Imagine" ya John Lennon kila mtu nyumbani kwake wakati wa korona? Haikuchangisha chochote, kwa hiyo hata mtu wa "nia njema" hakupata pa kushika.

Kama wewe ndiye unayeandaa wimbo, hata uwe wa kwaya ndogo, wapelekee mashairi wale mnaowaimbia. Kikundi kimoja kiliniomba niwaharirie wimbo wa kuchangia wagonjwa. Niliwauliza kama kuna mgonjwa aliyeusoma. Walipoupeleka, ubeti wote wa machozi ulikataliwa, na ukaingia mmoja unaotaja dawa ambazo hazipatikani. Wasanii wa "Africa Stop Ebola" mwaka 2014, akina Tiken Jah Fakoly, Salif Keita na Oumou Sangaré, walikwenda mbali zaidi: waliimba kwa Kifaransa na lugha za kwao kuwaambia watu wasiguse wagonjwa na waende kwa daktari. Msikilizaji wa wimbo huo ni yule yule aliye hatarini.

Kuhusu pesa, siku hizi usiupigepige wimbo mtandaoni ukidhani umechangia. Zamani ulinunua sahani ya santuri, na mapato yake yakaenda kwenye mfuko. Leo kusikiliza mara moja kunaleta sehemu ndogo ya senti. Tuma mchango moja kwa moja kwa shirika lililotajwa, na kama halikutajwa, hapo una habari muhimu. Usirudie pia uvumi kwamba pesa za Band Aid ziliishia kwenye silaha: BBC ilirusha kipindi kilichoacha picha hiyo, na Novemba 2010 ikaomba radhi hadharani. Mkosoaji akishikwa na uongo mmoja, hata hoja zake za kweli zinatupwa.

Ubishi ukikukwama kabisa, watumie video ya 2012 ya SAIH, shirika la wanafunzi na wasomi wa Norway. Ndani yake Waafrika wanaimba kwa hisia nzito wakiwachangia hita Wanorwe maskini wanaoganda kwa baridi. Mtu wa "nia njema" hucheka kwanza, halafu huuliza kwani Norway ni baridi tu, hakuna kingine huko?