Hesabu Meno Kwanza: Nilivyopanga Gia za Nyuma Mwenyewe Nikaupanda Menengai

Jumamosi iliyopita, saa mbili kasorobo asubuhi, nilifika ukingoni mwa Menengai, mlima wa volkano ulio hapa Nakuru, nikiwa juu ya baiskeli yangu. Sikushuka hata mara moja njiani. Nilisimama pale nikatazama mvuke unavyopanda kutoka chini ya kasoko, nikageuka nikaona mji wetu na ziwa kwa mbali, halafu nikalia. Ninyi mnaoendesha baiskeli hapa Nakuru mnanielewa. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na ule ukingo uko mita 2,278, kwa hiyo ni zaidi ya mita 400 za kupanda, tena nyingi ziko mwishoni, wakati miguu imeshachoka.

Nimeandika haya kwa sababu ya Jumamosi ile, lakini pia kwa sababu ya maneno niliyoambiwa miaka miwili iliyopita ambayo hayajanitoka.

Wakati ule nilijiunga na watu fulani wanaopanda pamoja wikendi. Mara tatu waliniacha mlimani. Mara ya tatu nilisukuma baiskeli peke yangu mpaka juu, nikawakuta wameshapiga picha na wanajitayarisha kuteremka. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, nikamwambia nataka gia nyepesi nyuma. Hakuiangalia baiskeli. Aliniangalia mimi. Akasema, "Mama, hii baiskeli iko sawa, ni miguu haiko sawa. Gia za hivyo ni za wazee." Vijana waliokuwa wamekaa pale wakacheka. Nilimlipa pesa ya upepo, nikaenda zangu.

Nina miaka 46. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mwaka 1902 Henri Desgrange, yule Mfaransa aliyekuja kuanzisha mashindano ya Tour de France, aliandika kwamba gia za kubadilisha zinawafaa watu waliopita miaka 45. Waendeshaji wa Tour hawakuruhusiwa kutumia kifaa cha kuhamisha cheni mpaka mwaka 1937. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanashuka, wanachomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili wapate sproketi (gurudumu dogo la meno linaloshika cheni) ya upande wa pili ya kupandia. Leo hakuna hata mmoja wao anayepanda milima bila gia nyepesi, na hakuna anayewaita wazee. Kwa hiyo lile neno la fundi ni la kale kuliko yeye, na lilishashindwa kabla hajazaliwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya magurudumu ya inchi 26. Mbele ina sproketi moja tu ya meno 36, iliyopigwa ribiti kwenye kranki, ule mkono unaoshika pedeli, haitoki. Nyuma zilikuwa saba: 11, 13, 15, 18, 21, 24 na 28. Nilijuaje? Nilihesabu. Nilipaka chaki jino moja nikazunguka mpaka nikalirudia, sproketi moja baada ya nyingine. Ukitaka kuchukua kitu kimoja tu hapa, chukua hiki: hesabu meno kwanza, kabla hujatoa shilingi yako mfukoni.

Chukua meno ya mbele, gawanya kwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Gurudumu langu lina mzingo wa karibu mita 2.05. Kwa 36 na 28, kila mzunguko mmoja wa pedeli ulinisogeza karibu mita 2.64. Kwa 36 na 32 ningesogea karibu mita 2.31. Sentimita 33 zinaonekana ndogo ukiwa umekaa kwenye kiti, lakini maana yake ni kwamba mguu unapunguziwa sehemu moja kati ya nane ya nguvu katika kila mzunguko. Mlimani hiyo ndiyo tofauti kati ya kuendelea na kushuka.

Nilipata kaseti kuukuu, yaani fungu la sproketi za nyuma, yenye sproketi nane kwa shilingi 300, meno 11 mpaka 32. Yangu ni ya sproketi saba, na kitovu cha gurudumu langu hakina nafasi ya sproketi nane. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa, au wanauziwa gurudumu zima. Lakini kaseti nyingi za bei ya kawaida si kitu kimoja. Ni sproketi mbalimbali na vipete vya katikati, zimeshikwa pamoja na ribiti tatu nyembamba ili zisitawanyike wakati wa kufunga. Nguvu ya miguu haipiti kwenye zile ribiti hata kidogo, inabebwa na mifereji ya kitovu. Nilibana kaseti kwenye jiliwa la jirani, nikakata vichwa vya ribiti kwa tupa, nikazisukuma ribiti kwa msumari. Dakika arobaini. Zikaachana zote mkononi mwangu kama sahani.

Kabla hujafika huko, hakikisha unayo kaseti na si friwili, yaani fungu la sproketi linalokazwa zima kwenye kitovu kwa nyuzi kama nati, kwa sababu friwili haiachani kirahisi namna hii. Zungusha sproketi kinyumenyume ukitazama pale katikati kifaa cha kufungulia kinapoingia. Pakizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Pakitulia, ni friwili.

Pete ya nje, inayozibana sproketi kwenye kitovu, niliifungua kwa kifaa chake cha mifereji. Cha kuzuia sproketi zisizunguke nilijitengenezea: kipande cha cheni kuukuu nilichokifunga kwa bolti kwenye bapa la chuma.

Nikakosea mara mbili, na makosa haya ndiyo yaliyonifundisha kuliko video zote nilizotazama.

Kosa la kwanza, niliitoa ile ya meno 11 kwa kuwa siitumii, nikaanza na 13. Pete haikushika. Sproketi ya kwanza ina vijino usoni ambavyo pete inauma, na 13 yangu ilitengenezwa kukaa ya pili, uso wake ni laini. Nilifika Kenyatta Avenue pete imelegea, sproketi zinagongana, cheni inaruka, na magari yako nyuma yangu yanapiga honi. Siku hiyo niliogopa kweli.

Kosa la pili, nilitumia vipete vya kaseti ya nane. Kwa macho huoni tofauti. Cha kaseti ya sproketi saba kina unene wa milimita 3.15, cha ya sproketi nane kina milimita 3. Ukiviweka sita, umepotea karibu milimita moja, na kikamatio cha gia cha sproketi saba, kile cha kubadilishia kwenye usukani, hakijui habari hiyo. Gia za katikati zilikuwa sawa, za mwisho zikawa zinakwaruza na kurukaruka. Nilikaza waya na kulegeza waya siku nne nzima. Kumbe shida haikuwa waya. Sproketi zenyewe unene wake unalingana vya kutosha, unaweza kuzichanganya, lakini vipete vibaki vya kaseti yako ya zamani.

Mpango uliofaulu ni huu: 11, 15, 18, 21, 24, 28, 32. Nilitoa 13 tu. Kutoka 15 kwenda 11 kuna mruko mkubwa, lakini 11 naitumia nikiteremka, sijali. Unaanza kupachika na kubwa, unafuata mfereji mmoja ambao upana wake ni tofauti na mingine ili kila sproketi ikae inavyotakiwa. Nyuzi za pete zipake grisi. Pete nyingi za Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, zimeandikwa 40 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza. Ukiwa na spana ya sentimita 30, hiyo ni kama kuning'iniza mtungi wa lita 13 au 14 za maji kwenye ncha yake. Usikaze kwa woga.

Halafu cheni. Sproketi ikikua, cheni inapungua. Izungushe kwenye kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni), kisha ongeza viungo viwili. Ikiwa fupi, siku utakapoingia sproketi kubwa itaung'oa ule mkono. Na ile skrubu ya nyuma ya mkono uikaze mpaka kigurudumu cha juu kisiguse sproketi ya 32. Mkono wangu uliiweza 32. Si kila mkono unaiweza, kwa hiyo angalia kabla.

Kuna kijana wa Luanda, Vihiga, ameniandikia: "Dada, mimi nina Black Mamba, nabeba mikate, hayo ya kaseti yananihusu?" Ile ni baiskeli nzito ya mizigo yenye gia moja. Yanakuhusu, mdogo wangu. Hesabu meno. Kama mbele una 48 na nyuma 18, pedeli moja inazungusha gurudumu mara 2.67. Tafuta friwili ya meno 22, itakuwa mara 2.18. Utaongeza viungo vya cheni, utasogeza gurudumu, basi. Tambarare utakwenda polepole kuliko wenzako. Waache waende. Mzigo ni wako na kilima ni chako, na hakuna aliyekaa kibandani mwenye haki ya kukuambia miguu yako ni mibovu kabla hajahesabu meno ya baiskeli yako.

Hili nawaambia hasa kina mama na mabinti. Tumezoea kuomba ruhusa hata ya kushika spana. Tunaambiwa tumechoka, tumezeeka, tumenenepa, na tunaamini, tunaiegesha baiskeli nyuma ya nyumba mpaka kuku wanalalia juu yake. Miaka miwili niliamini nilikuwa dhaifu. Nilikuwa na meno manne pungufu.

Binti ya jirani ameomba twende naye Jumamosi ijayo. Yake ina friwili, kubwa kabisa ina meno 28. Leo jioni tutaigeuza chini juu hapa barazani, chaki ninayo.