Mizimu ya Gede: kumfundisha mtoto historia kwa kisa cha kutisha

Magofu ya Gede, jirani na Watamu katika kaunti ya Kilifi, yana kisa ambacho watoto wengi wa Pwani wamekisikia: wazee wa kale hawajaondoka, bado wanaulinda mji wao, na atakayechukua hata kigae kitampata kitu. Wazazi wengi hukizima kisa hiki haraka, ama kwa kusema ni uongo, ama kwa kukigeuza fimbo ya kumtisha mtoto asiyetaka kulala. Njia zote mbili zinapoteza mlango mzuri wa historia, kwa sababu ndani ya kisa kuna swali ambalo wanahistoria nao wanaliuliza: watu wa mji huu walikwenda wapi?

Simulia mchana, si usiku, na kisa chenyewe kisizidi dakika kumi. Ukifika mahali ambapo mji uko kimya na milango iko wazi, nyamaza. Mwache mtoto aulize. Asipouliza, muulize wewe: "Unadhani waliondoka kwa nini?" Andika kila jibu lake, hata la ajabu, bila kulisahihisha. Orodha hiyo itahitajika baadaye.

Kisha tengenezeni uzi wa miaka. Chukua uzi wa mita saba, sentimita moja iwe mwaka mmoja. Anzia 1399, mwaka unaolingana na 802 Hijria iliyoandikwa kwenye kaburi moja pale Gede. Sentimita 99 mbele ni 1498, Vasco da Gama anafika Malindi. Sentimita 91 tena ni 1589, Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa mto Zambezi, wanaishambulia pwani, na nne zaidi ni 1593, Wareno wanaanza kujenga ngome ya Fort Jesus Mombasa. Mji ulihamwa miaka michache baada ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 17. Kutoka 1593 hadi 1948, mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba magofu, kuna sentimita 355. Mwambie mtoto atembee kando ya sehemu hiyo polepole, bila kusema neno. Hapo ndipo tarakimu zinapogeuka kuwa ukimya wa msituni. Usifunge mafundo, maana yanakula uzi na vipimo vinapotea. Tumia vibanio vya nguo.

Sasa rudini kwenye orodha ya sababu. Wanahistoria wanataja maji ya visima kushuka, hujuma za Wazimba, shinikizo la Waoromo kutoka kaskazini, na biashara kuhamia Mombasa. Mtoto aliyesema "walikosa maji" atashangaa kuwa amekaribia hoja ya wataalamu. Aliyesema "mizimu iliwafukuza" asichekwe. Muulize angetafuta ushahidi gani. Kwa wazee wa Kimijikenda mahali hapa ni patakatifu, na mtoto anapaswa kujua kwamba kuna watu wanaoheshimu kisa hiki kwa dhati. Hata Kirkman aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kama kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta.

Mkiwa Gede, msijaribu kuona kila kitu. Chagueni nyumba moja, msikiti mkuu na kisima, basi. Nyumba nyingi zilipewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Hili ni jambo la kumfurahisha mtoto, kwa sababu kila jina ni hadithi ambayo haijaandikwa. Achore ramani ya nyumba hiyo kwa penseli, ahesabu hatua za kila chumba, na aweke alama mahali pa choo na pa maji.

Baada ya ziara, mtoto aandike hadithi yake mwenyewe ya mzimu wa Gede; aianze siku hiyohiyo au kesho yake, kabla picha hazijafifia. Mpe masharti matatu tu: kitu kimoja kilichopatikana Gede, mahali pamoja alipopapima kwa hatua, na sababu moja ya kuhama. Mzimu wake uwe mtu aliyeishi pale na anayetafuta kitu, labda mkasi aliouacha. Bila masharti hayo watoto wengi huandika zimwi la katuni, lenye meno na damu, lisilo na kwao. Asiyeandika haraka asimulie, wewe urekodi kwa simu. Ukurasa mmoja unatosha. Usisahihishe tahajia siku hiyo.

Mtoto akianza kuogopa kulala, usiongeze maelezo ya kihistoria. Muulize mzimu wake unataka nini, kisha mwache aandike mwisho ambamo unakipata. Walio chini ya miaka saba waanzie kwenye ramani na kitu kilichopotea; habari za laana zingoje.

Na vigae vibaki pale pale vilipo. Sheria ya Kenya inavilinda, na kisa cha wazee kililisema jambo hilo mapema zaidi.