Kuhusu picha ya Ntiro, na picha ya babu yako

Machame, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Mvua imechelewa wiki mbili na mama yako amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyefunga koki. Yule ng'ombe mwenye baka amezaa dume. Habari nyingine atakupa dada yako, hazuiliki yule.

Picha ya mchoraji Ntiro uliyonitumia kwenye simu imefika, pamoja na maneno yako: "Baba, huyu si mtu wa kwetu? Mbona kasomea London halafu anachora kama mtoto wa darasa la tatu? Sura za watu ziko wapi?" Sijajibu, ukaongeza lingine: kama nina picha nzuri ya babu, maana umempata mchoraji huko Marekani anayechora sura za watu kwa rangi za mafuta, na unataka babu atundikwe sebuleni kwako. Wewe umeuliza mawili. Mimi nimekaa nayo siku tatu nikaona ni swali moja, ndiyo maana nimechukua kalamu. Ya kwenye simu mnayasoma huku mnavuka barabara.

Ndiyo, ni wa kwetu. Sam Joseph Ntiro alizaliwa hapa hapa Machame mwaka 1923. Katikati ya miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda, na huko akafundishwa na mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, mke wa daktari, aliyeanza kufundisha uchoraji barazani kwake Kampala kabla chuo hakijawa na idara ya sanaa ya kueleweka. Huyo mama naye alisoma Slade, shule ya sanaa ya London, kwa hiyo hesabu zote za Wazungu za kufanya vya mbali viwe vidogo alikuwa anazijua. Lakini hakuwawekea vijana chungu mezani wakinakili. Aliwasimulia tukio, wao wakaliona kichwani kwanza, ndipo washike brashi. Wapo waliomlaumu kwa hilo, wakisema aliwanyima Waafrika ufundi ambao mwenyewe alikuwa nao. Lawama hiyo siidharau. Ila ukitaka kumwelewa Ntiro anzia hapo: alifundishwa kuchora alichokuwa amekibeba kichwani.

Mwaka 1948 akawa mwalimu hapo hapo Makerere. Kisha mwaka 1952 akaenda Slade yenyewe, akakaa hadi 1955. Hebu mfikirie kijana wa Kichaga katika baridi ile, wenzake darasani wamezunguka mtu wa kuchorwa, wanapima pua kwa penseli, na yeye anachora watu wanakata migomba. Mwaka 1953, akiwa masomoni huko, kilitoka kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Mwili ulikuwa London, mtu mwenyewe alikuwa kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Kwa hiyo usiniambie hakujua kuchora sura. Miaka mitatu Slade huwezi kutoka hujui. Hakutaka, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Sasa iangalie tena hiyo picha. Jina lake kwa lugha yetu ni "Wanaume Wakipeleka Mbege kwa Bibi Harusi Usiku", aliichora mwaka 1956. Mwaka 1960 kazi zake zilionyeshwa New York, na jumba la makumbusho la MoMA likainunua hiyo. Umeilalamikia kwamba sura hazionekani. Mwanangu, ni usiku!

Mimi nimewahi kubeba mbege usiku. Nilikuwa na miaka kama kumi na minne, tukipeleka posa ya baba yako mdogo kule Masama. Wewe mbege umeikuta kwenye ndoo za plastiki, kwa hiyo nikueleze pombe hii inavyopikwa. Ndizi zilizoiva zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, halafu unatiwa uji wa kimea cha ulezi, pamoja na gamba la mti wa msesewe la kutia uchungu. Ikishaumuka haina subira. Ukichelewa nayo siku mbili umepeleka siki, na wakwe wataikumbuka siki hiyo hadi wajukuu. Basi tunatembea kwenye kijia cha upana wa mtu mmoja, vibuyu vinacheka mabegani, kwa gesi ile inayosukuma kizibo. Mbele yangu namwona mtu, lakini sioni uso. Namjua kwa mwendo. Huyu anayeburuta mguu ni fulani, huyu mwenye kikohozi cha ugoro ni mjomba, yule anayevuta pumzi kwa nguvu ndiye mwenye posa yake na ana hofu. Wanaume kumi na mmoja, na hakuna niliyehitaji kumulika. Nilipoiona picha ile mara ya kwanza, ndani ya kitabu nilichoazimwa na mwalimu mwenzangu, nilisikia harufu.

Halafu mambo ya mlima. Unasema amebandika vitu juu ya vitu, hakuna mbali wala karibu. Wewe umekulia hapa, hebu kumbuka ukisimama mlangoni kwetu unaona nini. Migomba. Juu ya migomba, bati la jirani. Juu ya bati la jirani, migomba mingine, na mahali fulani katikati mwanamke amebeba majani ya ng'ombe, kichwa chake kiko usawa wa paa letu. Tunaishi mtelemkoni, vitu vyetu vimepangwa hivyo, kimoja juu ya kichwa cha mwenzake. Ile hesabu ya njia ndefu inayonyooka mpaka upeo wa macho ni ya watu wa tambarare; ingemfaa mtu wa Dodoma. Kihambani huoni hatua hamsini mbele. Halafu asubuhi, kabla ya saa tatu, unainua macho na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko pale juu ya migomba kana kwamba ukitupa jiwe litaipata, na kufikia saa nne wingu limeshaifunika. Mimi naona Ntiro alichora Machame ilivyo. Aliyezoea kuangalia tambarare ndiye anayeona amekosea.

Wasifu wake mwingine nitaupitia haraka kwa sababu unanichosha, ingawa ndio wanaoupenda kuuandika. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu alimpeleka London kuwa balozi wetu, akakaa hadi 1964. Mchoraji kuwa balozi, jambo zuri, tulijivuna. Kisha akarudi Dar es Salaam kusimamia utamaduni serikalini, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu. Alifariki mwaka 1993. Mimi najiuliza tu ni turubai ngapi zilibaki nyeupe wakati anasaini mafaili. Mkewe alikuwa Sarah Nyendwoha, Mganda wa Bunyoro, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada, tena Oxford, mwaka 1954. Alipoanza kazi ya ualimu akakuta wanawake wanalipwa pungufu kuliko wanaume, akaukataa mshahara wao na kuendelea kufundisha. Mama yako nilipomsimulia alisema huyo ndiye wa kuchorwa.

Usidhani namtetea kwa sababu ni wa nyumbani. Nina ugomvi naye. Katika picha zake nilizowahi kuziona, watu hawagombani. Wako msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wote wameinama pamoja, wote wana nguvu, mgomba hauna ugonjwa. Wewe unajua Machame ya mipaka ya shamba! Miaka ile ile aliyokuwa akichora, vihamba vilikuwa vimeshabanana, ndugu wanang'oleana masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, usiku, na siasa za Mangi Mkuu, chifu wa Wachaga wote, Thomas Marealle, zinagawa watu mpaka kanisani. Babu yako hakusemeshana na kaka yake miaka tisa kwa ajili ya mfongo, mfereji wa maji ya shamba. Hilo silioni kwa Ntiro. Alikumbuka nyumbani kama mtu aliye mbali anavyokumbuka, na hapo naona hata wewe una ugonjwa huo, ukisema eti "watu wa huko wanaishi kwa amani". Tena alijirudia. Ukishaziona picha zake tano, ya sita unaitambua toka mlangoni. Wengine wanaita huo msimamo, mimi nadhani nusu yake ulikuwa mazoea.

Sasa nije kwenye sura. Kuna mchoraji mwingine ungempenda kwa unavyouliza. Joy Adamson, yule mama aliyelea simba. Kabla ya simba alikuwa mchoraji, na mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, akazunguka nchi miaka kadhaa na kuchora mamia. Kazi safi sana. Unaweza kuhesabu shanga. Kila mzee ana macho yake, ana makunyanzi yake, hakuna anayefanana na mwenzake. Lakini nyuma yake hakuna kitu. Hakuna nyumba, hakuna ng'ombe, hakuna njia aliyojia. Mtu ameng'olewa kama mche, udongo umekung'utwa, akawekwa kwenye karatasi. Ntiro alichora udongo wote na mche ukapotea humo. Mmoja ana sura bila shamba, mwingine ana shamba bila sura, na ukinibana sana nichague, nitachagua shamba. Labda kwa sababu ya babu yako.

Maana picha ya babu ninayo, ndiyo. Ni moja tu, ndogo ile ya pasipoti. Alipigwa mjini Moshi siku alipotakiwa kufungua akaunti ili fedha za kahawa zipitie benki. Ina uso wake wote, mbele, masikio mawili, hakuna kilichofichwa. Na hiyo picha ni ya uongo mwanangu. Koti si lake, ni la mpiga picha. Lilining'inia ukutani pale studio na kila mkulima alilivaa kwa zamu. Tai nayo ni ya mpiga picha, na hakuwahi kuvaa tai nyingine maisha yake yote. Macho ameyatoa kwa sababu aliambiwa asipepese. Anaonekana mtu mwoga. Babu yako alikuwa na makosa mengi, lakini woga haukuwemo.

Mimi nikimkumbuka simwoni mbele. Namwona kwa nyuma. Zamu yetu ya maji ya mfongo mara nyingi iliangukia usiku, na mimi kama kifungua mimba ndiye nilikwenda naye kuzibua. Yeye mbele, mimi nyuma, taa ya kandili ameishika chini karibu na goti ili asijipofushe. Naijua shingo yake kuliko uso wake. Kisogoni alikuwa na mikunjo mitatu, na ule wa katikati ulikatika kwa kovu la tawi la mti wa mruka. Alipofikiria jambo alikuwa akitikisa kichwa kidogo upande wa kulia, na mimi nyuma yake nikajua tu leo hataki maswali.

Picha nimeiweka humu ndani ya bahasha, nimeifunga kwa nailoni isilowe. Ni yako, nawe unaijua nyumba yako. Ila ukimpelekea huyo mchoraji, usimpe kwanza. Mkalishe, umsimulie, afumbe macho kama anaweza. Mwambie ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mrefu wa wastani, anapanda njia nyembamba kutoka shamba la chini, saa kumi na mbili za jioni. Kushoto kuna mfongo, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kulia migomba, majani ya chini yamekauka na hayajapogolewa, maana ni msimu wa kahawa na mikono haitoshi. Begani ana mkungu wa ndizi za mshare, ameukalishia kwenye bega la kushoto, na hilo bega limeshuka kuliko la kulia. Miaka arobaini ya mikungu imelishusha, hata akiwa hajabeba kitu liko chini. Panga mkono wa kulia, makali yakitazama nyuma. Miguu peku, suruali imekunjwa mara mbili, mguu mmoja umekunjuka. Nyuma yake kidogo kuna mtoto. Huyo asimhangaikie sana.

Akishachora bega ndipo umwonyeshe picha, kwa ajili ya masikio tu. Koti aliache kwa mwenyewe.

Mama yako anauliza kama ulezi ulifika, na kama huko kuna sufuria kubwa ya kuupikia.

Ni mimi baba yako.