Siku ya miaka saba haimhamishi mtoto

SWALI: Habari za kazi, wakili. Naishi Kibirizi hapa Kigoma, nauza dagaa. Mwezi wa tatu mume wangu aliniandikia talaka. Akanipeleka kwa "wakili" mwenye meza karibu na stendi, tukalipa shilingi 80,000, akatuandikia makubaliano na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Yanasema sitadai nyumba, na mtoto wetu ataenda kwa baba yake akitimiza miaka saba. Sasa ana mitano, lakini mume ameshampeleka kwa mama yake Kasulu, eti azoee mapema. Naweza kumpata mwanangu, au nikishasaini ndiyo basi?

JIBU: Pole sana, dada. Unaweza kumdai, na sahihi yako haikuzuii. Makubaliano ya wazazi kuhusu mtoto mahakama inaweza kuyabadilisha ikiona ustawi wake unataka hivyo, hata kama yameandikwa kwamba hayabadiliki.

Ila lazima nianze na hiyo miaka saba, maana naisikia kila wiki, Ujiji, Gungu, Mwanga, mpaka Uvinza: mtoto akifika saba ni wa baba. Hakuna sheria inayosema hivyo. Hakuna kabisa.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inasema hudhaniwa kuwa ni heri kwa mtoto aliye chini ya miaka saba kukaa na mama yake, na baba anaweza kuipinga dhana hiyo kwa ushahidi. Imeishia hapo. Mtoto akitimiza saba, kinachoondoka ni dhana tu. Baba na mama wanasimama sawa mbele ya hakimu, naye anatanguliza ustawi wa mtoto, kisha anasikia matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe kama ameshaweza kujieleza, na mila za jamii yao. Mila zimo, sikatai. Wazee wetu wa Kiha watakwambia mahari ikishatoka, mtoto ni wa upande wa baba. Hakimu atawasikiliza, lakini mila haziwezi kuuzidi ustawi wa mtoto.

Kuna mama alikuja ofisini kwangu siku ya Alhamisi na mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na sare mbili zilizopigwa pasi, kandambili, na kadi ya kliniki juu kabisa. Binti yake alikuwa anatimiza saba Jumamosi, na alitaka kujua kama kumpakia basi peke yake ni kosa. Nikamuuliza, baba amemdai? Hapana. Mahakama imekuagiza? Hapana. Jirani ndiye aliyemwambia asipompeleka atafungwa. Nilimrudisha nyumbani na mfuko wake, na hadi leo nikiukumbuka nakasirika.

Sasa la kwako. Kifungu hichohicho kina maneno ambayo hao waandishi wa mezani hawayasomi: hakimu anapopima dhana ya mama, lazima azingatie ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha. Leo maneno hayo yanakusaidia, kwa sababu ametolewa kwako juzijuzi. Ukinyamaza mwaka mzima, akaanza shule Kasulu na kupata marafiki, yatamsaidia baba. Hilo "azoee mapema" ndilo linalonitia wasiwasi kuliko karatasi yenyewe.

Kwa hiyo usisubiri mambo ya talaka yaishe. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 mzazi anaweza kuomba kukaa na mtoto katika Mahakama ya Watoto, hata kama ndoa haijavunjwa. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuagizwa atembelee nyumba zote mbili na kuandika taarifa. Omba na matunzo palepale. Baba ana wajibu wa kumtunza mwanawe popote anapoishi, na wewe kuuza dagaa hakumwondolei wajibu huo.

Talaka aliyokuandikia, kidini waulize masheikh. Kisheria wewe bado ni mke, kwa sababu ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama. Na kabla ya mahakama kuna Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, ile Fomu Na. 3. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka inayotolewa baada ya hati hiyo ndiyo inayomlazimu hakimu aone kuwa ndoa imevunjika. Ninyi mmeanza na mwisho. Mume akikaidi wito, baraza liandike kwamba amekaidi, nawe uendelee. Muhuri wa mtaa hauwezi kushika nafasi ya hati hiyo. Yapo mashauri yaliyofika hadi Mahakama ya Rufani yakafutwa kwa kukosa hati halali ya baraza, watu wakarudi kuanza upya baada ya miaka.

Nyumba nayo itaamuliwa mahakamani. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kupika, kufua na kulea huhesabiwa mchango katika mali ya ndoa. Ulisaini "sitadai" bila kuelezwa haki hiyo. Mwambie hakimu hivyohivyo.

Nawasihi na wengine mnaosoma: kabla hujatoa hela, uliza jina kamili la huyo wakili ulitafute katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Simu yako inatosha. Jina lisipokuwemo, au akikataa kukupa risiti, ondoka. Huyo ni kishoka, wakili wa bandia, na akiharibu hutamwona mahakamani. Utasimama peke yako. Usiye na uwezo, tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma yake ni bure. Shilingi 80,000 ni ndoo ngapi za dagaa, dada yangu?

Nenda kata wiki hii, ukiwa na cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Ile karatasi ya stendi usiichane kwa hasira. Ina tarehe, na ina mwandiko wa aliyeiandika.