Sahani ya kaure isiyo na alama chini si lazima iwe bandia

Ndugu, umeuliza iwapo sahani yako ya Kichina yenye mawaridi na nembo ya ukoo wa Kizungu ni bandia, kwa kuwa haina alama yoyote chini. Kukosa alama pekee hakuthibitishi kitu, kwani vyombo vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya katika karne ya 18 havikutiwa alama. Ningetia shaka zaidi kama ingeandikwa “China” kwa herufi za Kilatini, maana maandishi hayo yalienea baada ya 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipoanza kudai jina la nchi.

Kaure ilichomwa Jingdezhen, mji wa wafinyanzi wa China, na mara nyingi ikapelekwa ikiwa nyeupe hadi bandari ya Guangzhou, ambako mafundi waliipaka enameli (rangi ya kioo inayoyeyukia juu ya chombo) kwa kufuata michoro ya wateja, kisha wakairudisha kwenye tanuri la moto mdogo zaidi. Rangi ile ya waridi, itokanayo na chembe za dhahabu, ilienea tangu miaka ya 1720. Muuzaji akikuambia sahani kama hiyo ni ya mwaka 1650, mshukuru uondoke.

Iinamishe dirishani, upitishe kidole: enameli huinuka kidogo, na sahani iliyotumiwa kulia chakula huwa na mikwaruzo myembamba ya visu. Hata hivyo, jihadhari na nakala za kiwanda cha Samson cha Paris, zilizoiga nembo hizi kwa ustadi unaoudhi.