Je, Ni Aibu Mume Kumfuata Mke Anayekwenda Kusomea Udaktari China?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 24, naishi Tanga, nimeolewa miaka miwili sasa na bado hatujajaaliwa mtoto. Nina stashahada ya utabibu na nimepata ufadhili wa Serikali ya China kusomea udaktari Xi'an: mwaka mmoja wa lugha, kisha miaka mitano ya udaktari wenyewe. Ada na bweni vinalipwa, na kila mwezi nitapata posho ya yuan 2,500. Mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki na amekubali kunifuata, ila viza yake haitamruhusu kufanya kazi kule. Mama mkwe amekasirika, anasema mwanamume hafuati mke na kwamba nitakuwa namlisha mwanawe. Je, dini inamlaumu mume wangu? Nafaka, yaani matumizi yangu kama mke, itakuwa juu ya nani? Akinyimwa viza, naweza kwenda peke yangu? Pia wakala wa makaratasi ametushauri tukope pesa, tuziweke benki wiki chache ili taarifa ya akaunti ipendeze, kisha tuzirudishe. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, nianze na hilo neno la aibu, maana ndilo linalokunyima usingizi, na mengine yote yana njia yake.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas, Allah amridhie, kwamba Mtume (s.a.w.) alihutubia akakataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake, yaani ndugu wa karibu asiyeweza kumuoa, na mwanamke kusafiri bila ya maharimu. Akasimama mtu mmoja akasema: Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, mke wangu ametoka kwenda Hija, na mimi nimeandikwa katika vita kadha wa kadha. Mtume akamjibu: Nenda ukahiji pamoja na mkeo.

Itazame vizuri habari hii. Mwenye safari ni mke. Mume ana shughuli yake, tena si shughuli ndogo, jina lake limekwisha andikwa jeshini. Kama kungekuwa na aibu ya mwanamume kumfuata mkewe, pale ndipo pangekuwa mahali pa kuisema. Mtume hakusema mrudishe mkeo, wala hakusema subiri atarudi. Alimtoa mume kwenye orodha ya jeshi akamwambia amfuate mkewe. Mume wako anaacha duka la vipuri. Nani atamlaumu?

Atasema msemaji: ile ilikuwa Hija, nguzo ya dini, na hii ni shule. Ni kweli havilingani. Lakini elimu ya tiba wanazuoni wameihesabu katika faradhi za kutoshelezana, ambazo mji mzima hupata dhambi usipopatikana wa kuzisimamia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, alilalamika katika kitabu chake Ihya kwamba miji imejaa wanaokimbilia elimu ya fikihi na hakuna Mwislamu anayejishughulisha na tiba, nayo ni faradhi ya kutoshelezana vilevile. Malalamiko hayo yana zaidi ya miaka mia tisa, na mpaka leo mama zetu na dada zetu wanapokwenda kujifungua wanaomba dua wamkute daktari wa kike. Na Rubayyi' bint Mu'awwidh amesimulia katika Bukhari kwamba wao wanawake walikuwa wakitoka na Mtume (s.a.w.), wakiwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi. Nia yako ikiwa safi, safari yako ni ya kheri, na anayekusaidia kuifikia ana fungu lake katika kheri hiyo.

Hata hivyo, jua jambo moja ili usimdhulumu. Kukufuata si wajibu kwake. Angekataa kwenda asingekuwa na dhambi, na angekataa kukupa ruhusa ungepaswa kuzungumza naye hadi mfikie mwafaka, si kuondoka bila ridhaa yake. Amekubali kwa hiari yake. Basi mshukuru kwa hilo, na mbele ya mama yake hasa.

Sasa nafaka. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo limeandikwa waziwazi katika madhehebu yetu ya Shafi. Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj anasema mke akisafiri kwa idhini ya mume wakiwa pamoja, au kwa haja ya mume, nafaka yake haianguki. Akisafiri peke yake kwa idhini lakini kwa haja yake mwenyewe, nafaka huanguka kwa kauli yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo mumeo akipanda ndege nawe, wajibu wa kukulisha, kukuvika na kukuweka ndani anaupanda nao. Ufadhili wako hauufuti. Posho ni mali yako, kama mshahara wa mwanamke ulivyo mali yake, na hana haki ya kuidai hata yuan moja.

Lakini wajibu huo ni kwa kadiri ya uwezo wake. Allah anasema katika Surat Talaq, aya ya 7, kwamba mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa riziki atoe katika alichopewa. Mume ambaye kipato chake ni duka lililo mbali hatadaiwa nafaka ya tajiri. Na wewe ukimsaidia kwa moyo wako, huo si uduni kwake wala kwako. Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alikuwa akimhudumia mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea. Akaulizia kama hilo linamtosha kuwa sadaka. Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba ana malipo mawili, malipo ya udugu na malipo ya sadaka. Mume yule ni Ibn Mas'ud, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Maswahaba. Hakuna aliyemwambia kuwa uanaume wake umepungua.

Ninalokusisitizia ni hili: semeni mapema kila kinachotoka mkononi mwako ni nini. Ukitoa kama zawadi, ni zawadi, na usiirudie siku mliyokasirikiana. Ukitoa kama mkopo, andikeni. Nimekaa na wanandoa wengi kwenye usuluhishi, na ugomvi wa mali baina yao mara nyingi huanza na pesa ambayo mmoja aliihesabu zawadi na mwenzake akaihesabu deni.

Tena angalieni hesabu yenyewe kabla ya tiketi. Bweni la wafadhiliwa ni la mwanafunzi, mume hakai humo. Utaratibu wa ufadhili huo unampa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeruhusiwa na chuo kupanga nje yuan 700 kwa mwezi. Ruhusa hiyo iombeni kabla hamjafika, tena kwa maandishi. Ukijumlisha na posho unapata yuan 3,200 za pango, chakula, nauli na umeme, kwa watu wawili, katika mji mkubwa. Ni chache. Ndiyo maana duka la Tanga lisifungwe: hilo ndilo nafaka yako. Kama nduguye mume atalisimamia, hesabuni bidhaa zote, andikeni mtaji, andikeni mgawanyo wa faida kwa sehemu inayojulikana, nusu kwa nusu au theluthi, na wekeni mashahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat Baqara, inahusu kuandika deni. Ndugu wengi wametengana kwa sababu waliona haya kuandikiana.

Kuhusu kazi kule: viza wanayopewa wenza wa wanafunzi, ile ya S1, ni ya kukaa na familia zaidi ya siku 180, na akiingia ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Atakutana na watu watakaomwambia njoo Guangzhou, njoo Yiwu, utapata kamisheni kwa kuwasindikiza wafanyabiashara wa Kariakoo, hakuna atakayejua. Mwambie asiingie humo. Aliyeingia nchi kwa sharti amefunga ahadi, na Allah ametuamrisha katika mwanzo wa Surat Maida tutimize mikataba. Akikamatwa hataondoshwa yeye tu, masomo yako nayo yatatikisika.

Basi atafanya nini siku nzima? Hili nalichukulia kwa uzito kuliko mnavyodhani. Tanga ana wateja, ana jamaa wa barazani, akipita watu wanamwita kwa jina. Xi'an atakaa chumbani bila lugha, akikusubiri hadi utoke maabara au wodini usiku, umechoka, huna maneno. Na kule mkate, nauli na vocha hulipwa kwa simu, na yamkini akaunti itakuwa imefunguliwa kwa jina lako. Fikiria mwanamume mzima kila akitaka kununua mkate anakuomba simu. Mwezi wa kwanza mtacheka, mwezi wa nne atanyamaza, na kimya hicho ndicho kibaya. Basi afungue njia yake ya malipo mapema, na kile mlichokubaliana kiingie kwake mwanzo wa mwezi bila kuombwa. Naye ajiulize kama anaweza kusoma lugha, kwa kibali kinachofaa, au kuhifadhi Qur'ani. Xi'an kuna Waislamu wengi na msikiti mkongwe unaoswaliwa hadi leo katika mtaa wao. Swala ya jamaa na chakula cha halali havitamshinda. Ajenge urafiki pale msikitini tangu wiki ya kwanza.

Na msidhani nyinyi ni wasafiri wa kupunguza swala miaka sita. Mkishanuia kukaa siku nne kamili, swala ni rakaa zake zote.

Ushauri wa wakala ni haramu. Pesa ya kukopa inayowekwa ili ubalozi uamini ni yenu ni udanganyifu, na Mtume (s.a.w.) amesema anayetughushi si miongoni mwetu, kama ilivyo katika Muslim. Mara nyingi mkopo wenyewe hurudishwa na ziada, na hapo imeongezeka riba. Kama shemeji au baba mzazi ana uwezo wa kweli wa kuwadhamini, na aandike barua kwa jina lake na taarifa ya akaunti yake. Kama hayupo, basi wewe tangulia, yeye afuate baada ya mwaka wa lugha, akiwa na akiba ya halali. Kuchelewa mwaka ni bora kuliko kuanza safari ya elimu kwa uongo.

Hilo linatupeleka kwenye kwenda peke yako. Wengi wa wanazuoni wameshika dhahiri ya ile hadithi, hawaruhusu safari bila maharimu ila ya faradhi. Wapo waliotazama sababu ya katazo, ambayo ni usalama wake, wakaruhusu njia ikiwa na amani na wenzake wakiwa wanawake waaminifu, na baadhi ya Mashafi wamelisema hilo hata nje ya Hija ya faradhi. Mimi naona mumeo au kaka yako akusindikize hata kwa viza fupi, akuone umeingia bwenini, ajue unaishi na nani, kisha arudi. Akishindwa hata hilo, na mumeo ameridhia, na wapo dada wenzako wa kusafiri nao, kauli ya pili ina nafasi kwako, wala sitakuambia uiache elimu hiyo.

Lakini miaka sita bila kuonana, hapana. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab (r.a.) alimuuliza binti yake Hafsa mwanamke huweza kumsubiri mumewe muda gani, akajibu miezi minne au sita, na Umar akapanga zamu za wanajeshi kwa muda huo. Na Malik bin Huwayrith na vijana wenzake walikaa kwa Mtume (s.a.w.) siku ishirini wakijifunza dini. Akaona wamewatamani watu wao, akawauliza wamewaacha nani nyumbani, kisha akawaambia warudi kwa jamaa zao. Wale walikuwa wanafunzi, na mwalimu wao alikuwa Mtume mwenyewe. Basi kila likizo ndefu uwe Tanga, au yeye awe Xi'an. Mumeo akisamehe haki yake leo, ana ruhusa ya kuidai tena kesho, kwa hiyo ridhaa yake muulize kila mwaka, usiichukulie kama imeandikwa mara moja.

Na mkiwa mbalimbali kwa muda, kubalianeni pia itakuwaje mlango ukifungwa. Machi 2020 China ilizuia wageni kuingia kwa sababu ya korona, na viza za wanafunzi zikarudi Agosti 2022. Waliokuwa upande huu na wenza wao upande ule walijua maana ya miezi ile. Wasomaji wanaofikiria Uingereza nao wajue kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa kigeni hawaruhusiwi kuwachukua wenza, isipokuwa walio kwenye shahada za utafiti au ufadhili wa serikali. Wanaoitaka nchi hiyo wasioe kwa ahadi ya "nitakuita".

Limebaki la mama mkwe. Usimjibu wewe. Mumeo ndiye aende, akae naye peke yake, amsimulie hadithi ya yule aliyeandikwa jeshini, na amwambie kwa kinywa chake kwamba duka linabaki na nafaka inatoka dukani. Amwekee pia fungu lake la kila mwezi kutoka faida hiyohiyo, kabla ya kusafiri, mama alione mkononi mwake. Huenda hasira yake ni hofu ya kubaki bila mtoto na bila matumizi. Wewe nenda siku ya pili, umsalimie, umwombe dua.

Wallahu aalam.